Miaka Yangu ya Kutia Klore Mabido ya Ndosho

Mimi Katungu, mwanafunzi wa mwaka wa sita wa sekondari, section biochimie, yaani ya biolojia na kemia, ninatangaza kwamba nimestaafu. Niko na miaka kumi na saba. Mugongo wangu uko na sitini.

Kwa wale ambao hawajui: kwa miaka miwili nilikuwa volontaire, mufanyakazi wa kujitolea, pale ziwani, upande wa magharibi wa Goma, ambako watu wanakuja kuchota maji ya Kivu. Kazi yetu ilikuwa kutia dawa ya klore ndani ya kila bido, lile dumu la plastiki la kubebea maji, kabla haijaondoka, ili maji yakifika nyumbani yasilete kolera. Sasa nimeacha. Mutu mukubwa akistaafu hapa kwetu wanamupa kiti cha mbele, wanamupa saa ya ukutani, naye anaongea mpaka soda zinapata moto mikononi mwa watu. Mimi kiti sikupewa. Nimeamua kuongea kwa karatasi, na ninaongea na ninyi, wadogo zangu, mutakaovaa kesho ile gilet, kizibao cha rangi ya machungwa kinachofika magotini. Cheo changu sitakitaja, kwa sababu sikuwa nacho. Mushahara wangu sitautaja pia, kwa sababu tuliula palepale: ulikuwa biskuti.

Lazima nianze na Papa, maana bila yeye nisingefika ziwani. Papa yangu ni mufanyabiashara, mutu wa Butembo, na mutu wa Butembo akikuambia amepumzika, mujue yuko anahesabu kitu kimoyomoyo. Duka yake iko kando ya barabara ya Ndosho, mtaa mumoja wa Goma. Anauzisha mabido, mabeseni, ndoo, vikombe vya plastiki, vitu vyote vinavyopiga kelele vikianguka. Mimi ni mukubwa wa watoto wake, na tangu nikiwa mudogo ilijulikana kwamba nitakaa nyuma ya kontwari, meza yake ya kuuzishia. Nitapata diploma, nitasoma gestion, yaani usimamizi wa biashara, nitarudi dukani, nitazeeka kati ya mabeseni. Hakuna mutu aliyeniuliza. Kusema kweli hata mimi sikuwa nimejiuliza.

Basi siku moja wanafunzi wa chuo kikuu wakapita shuleni kwetu wakitafuta volontaires wa siku ya posho, yaani Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ambayo duka inajaa watu na mimi ninajaa vumbi. Nikainua mukono kabla hawajasema ni kazi gani. Papa alikubali kwa sababu walisema mwishoni watatoa cheti. Papa hajali cheti ni cha nini, bora kiwe na muhuri.

Siku ya kwanza nilifika ziwani nikiwa nimechana nywele. Musifanye hivyo. Kulikuwa wanawake wenye mabido mugongoni, kamba zimepita kwenye paji la uso. Kulikuwa wanaume wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya magurudumu mawili, kila mumoja amepanga mabido kama mutu anayehama. Kulikuwa watoto wanaogelea mahali palepale tunapochota. Katikati ya wote alisimama musichana mudogo wa mwili, ameshika sindano kubwa isiyo na mwiba, anasalimia kila mutu kwa jina. Huyo alikuwa Ya Esther, yaani dada mukubwa Esther.

Ya Esther ni mutoto wa familia ya Bukavu, wakati ule alikuwa anasoma santé publique, afya ya jamii, kwenye chuo. Sauti yake haipandi. Nimemuona akisukumwa, akitukanwa, akimwagiwa maji ya ziwa na chukudu iliyoponyoka, na sauti yake ilibaki palepale kama meza. Aliniangalia kuanzia nywele mpaka viatu, akanipa bottes, viatu vya mpira, za mutu mwingine na ile sindano.

Mutu wa kwanza kwenye mustari wangu alikuwa papa mumoja wa chukudu (hapa kwetu kila mwanaume mukubwa ni papa), tumbo mbele.

"Docta," akaniambia, "bido yangu inaumwa."

"Inaumwa wapi?"

"Mu tumbo. Sawa yako, naona unaogopa."

Watu wakacheka. Nikavuta dawa, nikapiga ndani ya bido yake kwa nguvu kama mutu anayezima moto, nikamwambia: "Akiamuka na homa, umulete kesho." Wakacheka tena. Nikaona kazi nimeiweza.

Ya Esther alikuja kando yangu pole pole.

"Katungu, hapa mu sindano kuko nini?"

"Klore, Ya Esther."

"Na hapa juu, hii sehemu nyeupe?"

"Ni hewa."

"Hewa iliuaka kidudu gani?"

Akanionyesha namna ya kuelekeza sindano juu, kuipiga kidole, kusukuma hewa itoke, kisha kuvuta tena mpaka kwenye alama. Tunavuta kipimo kilekile kwa kila bido. Kipimo chenyewe kinaamuliwa asubuhi, maana maji ya ziwa hayafanani kila siku: mvua ikinyesha usiku, udongo unashuka na dawa inatakiwa iongezwe. Halafu akamuita ule papa wa chukudu arudi, akamuomba radhi, akaanza bido yake upya. Yule papa akarudi bila kelele. Nilishangaa, kwa sababu mimi angenipiga.

Vyombo vyetu ni vichache, muvijue. Pipa la dawa lenye robineti, bomba dogo la kufungua, ambalo asubuhi unalikoroga na kijiti kirefu huku umegeuza uso. Sindano. Na kisanduku kidogo chenye tube mbili, vichupa vyembamba vya kuonea rangi, na vidonge vyake. Kile kisanduku ndicho kilichoniharibia maisha ya duka. Unatia maji mu tube, unatia kidonge, unatikisa. Kama klore ingali ndani, maji yanageuka rangi ya waridi, ile tunaita rose. Kama klore imekwisha, maji yanabaki meupe kama yalivyo, na wewe unabaki na maswali. Mara ya kwanza nilipoona rose ile inazaliwa kutoka kwenye maji matupu, nilisema kitu ambacho siwezi kuandika hapa. Ya Esther akasema kwa "njo" yetu, ambayo ni ndiyo: "Njo hivyo. Hata mimi nilisema vile."

Alichonifundisha zaidi ya vipimo ni hiki: mutu akikataa dawa, usibishane naye. Alikuja papa mumoja mwenye kofia, akasema mbele ya mustari wote kwamba klore inamaliza kizazi. Mimi nilikuwa tayari na jibu, jibu zuri, lilikuwa linahusu watoto wake saba waliokuwa nyuma yake. Ya Esther akanikanyaga mguu. Akachota kikombe kutoka kwenye bido iliyokwisha kutiwa dawa na kungojewa nusu saa, akakinywa chote, akakijaza tena na kumupa yule papa mukononi. Kisha akamupa tube na kidonge. "Papa, tikisa wewe mwenyewe." Papa akatikisa, akaangalia, akaonyesha mutoto wake, mutoto akaonyesha mwingine. Bido yake ikatiwa dawa. Nimeona wakubwa wengi wakisema "kunyweni". Huyu alikuwa anakunywa.

Kinywa changu cha utani Ya Esther hakukitupa. Siku moja mustari ulikuwa murefu, jua kali, wanawake wawili wakaanza kusukumana juu ya nafasi. Nikaanza kuiga namna mabido yanavyosalimiana yakikutana njiani, bido ya Ndosho na bido ya wakubwa wa kando ya ziwa, ile iliyozoea gari. Watu wakacheka mpaka wale wawili wakasahau. Ya Esther akaniambia baadaye: "Hii kinywa yako inachokesha, lakini watu wanaocheka hawasukumane. Kila Jumamosi, saa ya jua kali, njo kazi yako." Shuleni kinywa hikihiki kilikuwa kinanipeleka nje ya darasa. Kwake kilikuwa chombo, sawa na sindano.

Mwaka wa pili ndipo kazi ngumu ilipotukuta, na hiyo ndiyo ninayotaka muielewe vizuri.

Jumamosi, mustari ukiisha, tulikuwa tunapita nyumbani mwa watu kupima yale maji tuliyoyatia dawa. Tunagonga, tunasalimia, tunaomba kikombe. Kwa nyumba nyingi tube inageuka rose. Lakini kwenye avenyu moja ya Ndosho, juu ya mawe meusi ya volkano, tukaanza kupata tube nyeupe, nyumba kwa nyumba. Kidonge kinayeyuka na hakuna kitu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Zawadi.

Mama Zawadi ni mutu wa Kalengera, kule Rutshuru. Alikimbia vita na watoto, akapita Kanyaruchinya mu hema, na walipotoka kambini akapanga chumba kimoja kwenye avenyu ile. Anabebea watu maji kwa mugongo. Ulimi wake unakata kuni. Mutoto wake wa mwisho alikuwa ametoka hospitali majuma machache nyuma, kwa kuhara, na alikuwa amekaa mulangoni, shingo kama ya kuku.

Niliangalia tube nyeupe, nikamwambia bila kufikiri: "Mama, leo umepita pembeni, hukupanga mustari."

Akaweka mikono kiunoni. "Mimi? Wewe mwenyewe njo ulinitilia dawa leo asubuhi, ukaniambia bido yangu imenenepa kuliko mimi. Unasahau? Mimi sisahauke mutu akinitukana."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka na bido, na utani. Ya Esther akamuomba radhi kwa ajili yangu, akaangalia yule mutoto, akaniangalia mimi. Tukarudi bila kuongea. Kama dawa yetu ilikuwa haifanyi kazi, basi tulikuwa tunawadanganya watu wote wa mustari, na kuwachekesha juu.

Jumatatu, baada ya masomo, Ya Esther akanipeleka campus, pale chuoni kwake, na chupa ya dawa kutoka kwenye pipa letu. Nilikuwa sijawahi kuingia. Sentineli, mulinzi wa mulangoni, akaniuliza niko faculté gani, yaani kitivo gani. Nikamujibu faculté ya mabido. Hakucheka. Ndani ya laboratoire, maabara yao, kulikuwa baridi, na kulikuwa ukimya wa watu ambao hawajalala ila wanangojea kitu. Assistant mumoja, mwalimu musaidizi, Monsieur Bahati, akanionyesha namna ya kuosha kila tube mara kwa mara na maji yaleyale ya kupima, namna ya kuandika kabla ya kusahau, na namna ya kurudia kipimo hata kama cha kwanza kimekufurahisha. Hiyo namna ya tatu ilinigusa. Dukani, bei ikikufurahisha mara ya kwanza, unaifunga haraka kabla mutu hajabadilisha mawazo. Hapa mutu anafurahi halafu anajishuku.

Tulirudia mpaka jua likashuka. Dawa yetu ilikuwa nzima. Nilipotoka mlangoni nikajikuta sitaki kwenda nyumbani. Nilitaka kesho nirudi, na kesho kutwa pia. Ndiyo siku niliyojua ninachotaka kusoma, na siku ileile nikakumbuka kontwari ya Papa.

Nilimwambia Papa jioni, tukifunga duka. Nilisema ninataka laboratoire, mambo ya maji.

"Mayi?" akauliza. "Mayi iko mu ziwa. Ilikuwa mule mbele ya Adamu. Sasa wewe utaisomea nini?"

"Kuijua, Papa."

"Mimi nimeshajua. Inaingia mu bido, na bido ninauzisha mimi." Akapiga kufuli. "Utasoma gestion. Mwezi wa saba ukimaliza examen, unaingia dukani. Tumemaliza."

Na kama munamujua Papa, mulikuwa mumesikia neno la mwisho.

Tulibaki na tube zetu nyeupe. Ya Esther akasema: dawa ni nzima, kipimo ni kizima, sasa tufuate maji yenyewe. Jumamosi iliyofuata tulimuomba Mama Zawadi ruhusa ya kutembea naye kutoka ziwani mpaka nyumbani. Akasema: "Mutembee, lakini musinisaidie kubeba, mutanichelewesha." Tulimutilia dawa, tukangoja, tukapima: rose. Akaweka kitu kwenye mudomo wa bido, akajitwika, tukapanda. Nusu ya njia tukamuomba asimame, tukapima tena: rose ya mutu muoga, unaiona ukitafuta. Mulangoni kwake tukapima mara ya tatu: nyeupe. Dawa ilikuwa imekufa mugongoni mwake, njiani, mbele ya macho yetu.

Mama Zawadi akatua bido, akachomoa fungu la majani ya viazi kutoka kwenye mudomo wa bido, majani yamelowa mpaka yamekuwa meusi, akawatupia sungura wake.

Ya Esther akaokota jani moja. "Mama, haya ni ya nini?"

"Ni ya kuzuia mayi isimwagike. Bido haina bushoni. Sasa nifunge na nini, na sala?"

Bushoni ndicho kifuniko. Tukaenda nyumba ya pili, ya tatu, ya nne: majani, majani, kipande cha muti wa mugomba, majani. Maji yakitikisika njiani yanapiga yale majani tena na tena, na klore inamalizia nguvu zake huko badala ya kuvingojea vidudu. Sungura wa avenyu ile walikuwa wanakula chakula kisafi kuliko watu wote wa Ndosho.

"Na bushoni ilipotea?" nikauliza.

"Haikupotea, haikukuwako," Mama Zawadi akasema. "Nilinunua hii bido kwa ule muzee wa Butembo wa pale barabarani, ule mukali. Yeye anauzishaka bido peke, na bushoni anaweka mu mufuko mbali. Mutu akiuliza bushoni, anamuangalia sawa mwizi. Unamujua?"

"Ninamuonaka," nikasema.

Ya Esther, ambaye alikuja dukani kwetu mara nyingi kununua ndoo, alijua vizuri ule muzee ni nani, akainama kufunga kisanduku.

Haikupita muda, chuo kikaandaa siku ya volontaires. Kila kikundi kitaeleza kazi yake mbele ya wanafunzi na wazazi, ndani ya auditoire, ukumbi wao mukubwa. Ya Esther akaamua mimi ndiye nitasimama. Nilikataa. Nilimwambia wazi: Papa amesema atakuja, aone ni watu gani wanamulia mutoto kila Jumamosi. Nikisimama kule na kusema mabido yanauzishwa bila bushoni, nitakuwa nimemuvua Papa nguo mbele ya watu, na laboratoire nitaisikia kwa redio.

"Unaweza kuacha ile sehemu," akasema. "Utaeleza majani, utaishia pale. Watu watapiga makofi."

"Na Mama Zawadi?"

"Ataendelea na majani."

"Sasa nifanye nini, Ya Esther?"

"Mimi sitakuchagulia. Ile mutoto uliiona, na Papa ni wa kwako."

Nilikuwa ninamupenda sana Ya Esther, lakini usiku ule nilimuita majina.

Siku ikafika. Papa alikaa mustari wa tatu, amevaa koti ya misa, simu mbili juu ya goti. Nilianza na utani wa mabido yanayosalimiana. Wanafunzi wakacheka, Papa hakucheka. Nikaeleza tube nyeupe. Nikaeleza safari na Mama Zawadi, bila kumutaja jina. Nikafika kwenye majani. Pale ningeweza kusema aksanti na kushuka. Nikaangalia koti ya Papa, nikasema: "Watu wanafunga na majani kwa sababu mabido mengi hapa Goma yanauzishwa bila bushoni. Bushoni inauzishwa mbali, na mutu asiye na uwezo anaiacha." Sikutaja duka.

Papa akasimama.

Papa alishika koti yake vizuri, akasema kwa sauti ya kuita wateja: "Mutoto yangu anaona haya. Duka ni ya kwangu. Mimi njo ninauzishaka hivyo, mimi na wenzangu wote."

Watu wakageuka kumuangalia.

"Sasa muelewe," akaendelea. "Bido zinakuja na camion, zimefungwa kamba, jua kali. Ukiacha bushoni juu, hewa ya ndani inapanuka, bido inavimba, inapasuka. Basi tunaondosha bushoni, tunaweka mu mufuko. Haiko wizi. Na tena, mama yangu mimi alifungaka mayi na majani. Nyanya yangu alifungaka na majani. Hatukukufa. Majani ni kitu kisafi, ni ya Mungu. Njo hapo, mademoiselle, unijibu."

Aliniita mademoiselle, kama musichana wa watu wengine. Jibu lilikuwa limejaa kinywani, jibu la kuchekesha auditoire nzima kwa kumuaibisha Papa. Lingekuwa jibu langu zuri kuliko yote. Nililimeza. Nikachukua kisanduku, nikachukua bido mbili tulizokuwa tumezitia dawa na kuzitikisa asubuhi, moja imefungwa na bushoni, nyingine na majani, nikashuka mpaka mustari wa tatu.

"Papa, shika hizi tube. Chota wewe mwenyewe. Kidonge utie wewe."

Papa akaweka simu chini. Alichota kila bido kwa mukono wake, akatia vidonge, akatikisa kama anavyotikisa kopo kusikia kama imejaa. Watu wote walinyoosha shingo. Tube ya kwanza ikageuka rose. Ya pili ikabaki nyeupe.

Aliziangalia sana. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitarajia: akamwaga zote mbili mu ndoo, akaziosha, akabadilisha, ile ya kwanza akachotea bido ya majani, ya pili akachotea ya bushoni, akaanza upya. Alikuwa anashuku tube. Monsieur Bahati, aliyekuwa amesimama ukutani, akasogea mbele bila kujijua, kama mutu aliyemuona ndugu yake sokoni.

Rose ikatokea upande wa bushoni tena.

"Hm," Papa akasema. Simu yake ikaanza kulia. Akaizima bila kuangalia nani, na kwa Papa hilo ni jambo kubwa kuliko makofi. Akakaa.

Nilirudi mbele, nikasema aksanti, nikashuka. Ya Esther alinishika bega. Papa alikuwa bado mahali pake; Monsieur Bahati alikuwa amekaa kando yake, wanaongea wameinamisha vichwa, na sikuthubutu kusogea.

Juma lile lote Papa hakuongea, isipokuwa "leta", "ondosha" na "funga". Lakini siku ya nne nikamukuta nyuma ya duka, amekaa juu ya beseni iliyogeuzwa, ule mufuko wa bushoni uko kando yake, anafunga kila bushoni na uzi kwenye mukono wa bido yake. Akaniambia bila kuinua kichwa: "Hivi camion inaweza kuja na bido wazi, na bushoni haipotee. Wenzangu watanicheka juma moja, halafu wataiga." Nilikaa chini, nikaanza kufunga pia. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Mabido ya zamani ya avenyu ile yakapata bushoni zao kutoka mufuko uleule. Mama Zawadi alikuja mwenyewe kuchukua yake, akamuangalia Papa sawa mwizi, Papa akakubali kuangaliwa.

Juu ya masomo yangu hakusema kitu. Mimi pia sikuuliza. Nilianza kujiambia kwamba hata nyuma ya kontwari mutu anaweza kuwa na kisanduku chake cha tube.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ninakoroga dawa, uso nimeugeuza kama ninavyowaambia mufanye, nikaona Papa anashuka ziwani. Viatu vyake vya misa vinateleza juu ya mawe. Alikuwa amemushika mukono mudogo wangu Mumbere. Akamusalimia Ya Esther kwa heshima, akavua kofia.

"Mademoiselle, nimekuletea mufanyakazi. Huyu pia ananisumbuaka mu duka. Anaongea kuliko wateja."

"Aksanti, Papa. Lakini Katungu bado yuko."

"Katungu hayuko tena." Akanigeukia. "Vua hiyo gilet."

Mustari mzima ulikuwa unasikiliza. Nikavua. Nilifikiri: njo basi, mabeseni.

"Mu bulletin ya mwisho ya alama," Papa akasema, "chimie ulipata nini?"

Nilimutajia kwa sauti ya chini. Kuna mambo ambayo hata mustaafu hayaandike.

"Njo ile niliogopa. Nilimuuliza ule monsieur wa campus. Anasema mu laboratoire yao hawaingizake mutu na chimie ya namna hii. Kwenda nyumbani, ushike makaratasi yako. Dukani sitaki kukuona, huku sitaki kukuona, mpaka examen iishe. Mbio."

Nilitafuta utani, hata mudogo. Watu wa mustari walikuwa wananingojea, Mama Zawadi mbele yao wote, na mimi nilibaki nimefungua mudomo bila kitu ndani. Ya Esther alikwisha kumuvalisha Mumbere gilet; kwake ilifika kwenye vifundo vya miguu. Nikapanda njia ya kurudi na bottes za watu. Nyuma yangu nilisikia Papa anamuuliza Ya Esther zile blouse, makoti meupe ya laboratoire, zinashonwaka wapi, na kama kuko za mutoto murefu kama mimi.